Wiki 6 za maandalizi kabla ya upasuaji wa kupunguza tumbo: ni lazima au ni kuongeza bili?

#1 Kijana wa Ubungo
Wakuu habari. Naomba wenye ujuzi waingie hapa.

Dada yangu ana kilo 118, urefu sentimita 162. Ana sukari (anameza metformini na glibenklamidi), ana presha, na usiku anakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia. Amekubaliwa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, lakini badala ya tarehe amepewa karatasi: wiki 6 za maandalizi, mwanasaikolojia mara mbili, mtaalamu wa lishe, kamera ya tumboni, kipimo cha usingizi, kisha wiki 2 za mwisho chakula ambacho hata mtoto hashibi.

Hoja yangu: kama angeweza kula hivyo, asingehitaji kisu. Naona nusu ya karatasi ile ni bili tu. Nipingeni kwa hoja.

#2 Nesi wa Thieta
Mleta uzi, anza na ini. Mtu wa kilo 118 na sentimita 162 ana BMI 45 (BMI ni uzito ukilinganishwa na urefu), na mwili wa kiwango hicho karibu kila mara una mafuta kwenye ini. Pande la kushoto la ini limelala juu ya tumbo. Upasuaji unafanyika kwa matundu madogo manne hadi sita, na ili daktari aione sehemu ya juu kabisa, pale umio unapoingia tumboni, ini linanyanyuliwa kwa chuma kilichopinda na kushikiliwa hapo muda wote wa kazi. Ini la mafuta ni zito, nene, na linachanika kirahisi. Likichanika linavuja damu na damu inaziba kamera. Ikishindikana kabisa, mgonjwa anapasuliwa tumbo kwa mkato mrefu, au anafungwa na kurudishwa wodini kazi haijafanyika.

Chakula chenye wanga kidogo kwa wiki 2 kinamaliza akiba ya sukari iliyoko kwenye ini. Kila gramu ya akiba hiyo inashikilia gramu 3 hivi za maji. Sukari ikiisha, maji yanaondoka nayo, ini linasinyaa kabla hata gauni halijaanza kulegea.

#3 Mpwapwa Asilia
Nimeweka kambi. Endeleeni wakuu.

#4 Babu wa Mbuyuni
Nesi kasema ya ini, sawa. Lakini sababu ya kwanza ni utiifu. Baada ya upasuaji kuna miezi ya kunywa kwa kikombe cha dawa na vidonge vya vitamini hadi kufa. Asiyeweza wiki 2 hawezi hayo. Hospitali inapima mtu, sio ini.

#5 Mtaka Ushahidi
Babu, hapo nakupinga kwa heshima. Kusema kwamba anayeshindwa kupungua kabla atashindwa na baada ni hoja inayopendeza masikioni, ila ushahidi wake ni dhaifu. Chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kupinga bima kumlazimisha mgonjwa apungue kwanza ndipo alipiwe, kwa sababu hakuna data inayoonyesha kwamba sharti hilo linasaidia. Kinachofanyika ni kumchelewesha mtu anayeumwa.

Chakula cha wiki 2 za mwisho ni jambo jingine, tusivichanganye. Utafiti wa Australia wa 2006 uliwafuata wagonjwa kwa wiki 12 za chakula chenye kalori chache sana, na asilimia 80 ya kusinyaa kwa ini ilitokea ndani ya wiki 2 za kwanza. Ndiyo maana wengi wanaagiza 2 na sio 12. Mwaka 2011 ukachapishwa mwingine wa wagonjwa 273: waliokula hivyo siku 14 walipata matatizo machache zaidi ndani ya siku 30, na madaktari walisema kazi ilikuwa nyepesi. Muda wa upasuaji haukupungua. Kwa hiyo anayekwambia "inaharakisha kazi" naye anakosea.

#6 Lishe Kwanza
Nimeona "chakula ambacho hata mtoto hashibi". Tukiweke mezani watu wakione. Lengo ni kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga chini ya gramu 100, protini kati ya 60 na 80. Mfano wa siku moja:

Asubuhi mayai 2 ya kuchemsha na chai ya rangi bila sukari. Saa nne mtindi usio na sukari, mililita 200. Mchana samaki wa kuchoma au kuchemsha gramu 120, sahani nzima ya mchicha au kabichi, tango, kijiko kimoja cha chai cha mafuta na sio zaidi. Jioni kidari cha kuku bila ngozi gramu 100 na bamia. Maji na vinywaji visivyo na sukari lita 2. Hapo protini inafika gramu 75 hivi.

Siku ya pili hadi ya nne ndiyo ngumu: kichwa kinauma, mtu ananuna, kinywa kinanuka. Mwili unahama kutoka kutumia sukari kwenda kwenye mafuta. Supu nyepesi yenye chumvi kidogo na maji ya kutosha vinapunguza kichwa (mwenye presha aulize kiasi cha chumvi). Kuanzia siku ya tano wengi wanatulia. Na choo kinakuwa kigumu, ndiyo maana nimesema sahani nzima ya mboga, sio kijiko.

Kuna wanaotumia maziwa matupu, lita 2 kwa siku za yaliyopunguzwa mafuta. Hesabu inakubali: protini karibu 70, wanga chini kidogo ya 100. Ila watu wazima wengi wa kwetu maziwa yasiyogandishwa yanawajaza gesi na kuwaharisha. Hao wahamie kwenye maziwa mgando.

#7 Mfamasia wa Kata
Kabla watu hawajanakili hiyo ratiba ya #6: mleta uzi umesema dada anameza GLIBENKLAMIDI. Hii dawa inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala. Mtu aliyezoea ugali mara mbili kwa siku, ghafla anakula wanga kidogo hivyo, na dozi ni ileile? Sukari inashuka usiku amelala. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, anaweza asiamke. Dozi ipunguzwe au isimamishwe SIKU YA KWANZA ya chakula kile, kwa maelekezo ya daktari wake, na apime sukari asubuhi na kabla ya kulala. Insulini vivyo hivyo. Metformini haina tabia hiyo, kawaida inaendelea mpaka karibu na upasuaji.

Kundi la pili ni zile zinazotoa sukari kwa mkojo: dapagliflozini, empagliflozini. Hizi husimamishwa angalau siku 3 kabla ya upasuaji, na mtu anayeanza kula wanga kidogo hivi azungumze na daktari azisimamishe mapema zaidi. Ukizichanganya na kutokula, damu inajaa asidi huku kipimo cha sukari kinasoma vizuri tu. Mgonjwa anatapika, anahema haraka, kila mtu anaangalia kimashine anasema "sukari iko sawa".

Vidonge vya presha vya kukojoza navyo viangaliwe. Wiki ya kwanza mwili unatoa maji mengi, presha inashuka, mtu anasimama anaona giza.

#8 Kijana wa Ubungo
Mfamasia shukrani sana. Hili la glibenklamidi halikuandikwa kwenye karatasi, nampigia sasa hivi.

Swali kwa Lishe: uji je? Mama anasema uji wa ulezi ni mwepesi, unaingia humohumo.

#9 Lishe Kwanza
Mwepesi kinywani. Kikombe cha mililita 250 kinaingia unga gramu 30 hivi, hizo ni gramu 22 za wanga. Vijiko viwili vya sukari vinaongeza 8 hadi 10. Vikombe vitatu kwa siku umemaliza bajeti yote ya wanga, na protini uliyopata kwenye ule uji haifiki hata ya mayai mawili. Kabla ya upasuaji uji uondoke. Baada ya upasuaji una nafasi yake, hatua ya vitu laini, ukiwa mwepesi, umepikwa kwa maziwa, bila sukari.

Mwambie mama supu ya mifupa nayo sio protini. Inatia nguvu ya moyo na chumvi, nyama ndiyo yenye protini na inabaki sufuriani.

#10 Sauti ya Ndani
Naomba tuhamie kwenye mwanasaikolojia, maana ndiye anayeonekana wa bili kuliko wote.

Kikao hakipo kumfelisha mtu. Kinatafuta mambo machache yanayoharibu kazi baadaye: kula kwa pupa hadi kushindwa kujizuia, kula usiku wa manane, sonona isiyotibiwa, pombe, na matarajio yaliyopitiliza. Mengi ya hayo yanatibika, na upasuaji unaendelea. Kuahirishwa sio kukataliwa.

Pombe naisisitiza. Baada ya baipasi (upasuaji wa kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo na utumbo) kilevi kinapanda haraka na kwa kiwango kikubwa kuliko zamani, kutoka kwenye kiasi kilekile cha glasi. Tafiti zimeona tatizo la pombe likiongezeka zaidi kuanzia mwaka wa pili, wakati kila mtu ameshaacha kumfuatilia mgonjwa. Mtu aliyekuwa anatulizwa na chakula, chakula kikiondoka atatafuta kitulizo kingine. Hicho kitulizo kipangwe mapema.

Kazi ya nyumbani kwa hizo wiki 6: daftari lenye safu nne. Saa ngapi, nimekula nini, njaa ilikuwa ngapi kati ya 0 na 10, na nini kilitokea nusu saa kabla. Baada ya wiki mbili mchoro unaonekana wenyewe. Njaa inakuja taratibu na inakubali chakula chochote. Hamu inavamia ghafla na inataja chakula kwa jina: chipsi, mandazi, soda ya baridi. Ikivamia, saa iwekwe dakika 15, mtu abadilishe mahali alipo, apige simu, aoge, atembee. Mara nyingi inapita. Upasuaji unapunguza njaa vizuri sana, hasa mwaka wa kwanza. Hamu unaiacha palepale ilipo.

#11 Babu wa Mbuyuni
Sauti ya Ndani umeandika kurasa mbili kunithibitisha mimi. Kujua nani ataweza: huo ndio utiifu wenyewe.

#12 Sauti ya Ndani
Hapana babu yangu. Utiifu ni kumpima mtu ukamhukumu. Mimi nazungumzia kumpa zana. Kuna mtu anayefuata kila sharti wiki 6 kwa sababu anaogopa kunyimwa tarehe, akitoka theatre anarudi kulekule.

#13 Wa Likoni
Jamani mimi nimengoja mtu aseme habari ya watu. Hapa pwani hutapona mdomo wa watu kabla hujapona kidonda. Mwanamke akipungua kilo 30 kwa miezi sita, mtaa wote washamtangazia ugonjwa. Halafu harusi: sinia la pilau, watu sita, wewe unachukua tonge tatu unaacha. Mwenye shughuli anaudhika.

Haya nayo yaandaliwe mapema. Aamue nani ataambiwa, na wasioambiwa watapewa jibu gani, tena jibu moja lisilobadilika: "daktari amenibadilishia chakula kwa ajili ya sukari" ni kweli na inatosha. Kwenye sinia asikae, aombe sahani yake ndogo, maana sinia lina mwendo wake na mwendo huo kwake ni kutapika. Kwenye msiba au harusi: "nifungie nitakula nyumbani". Hakuna mwenye shughuli anayekasirikia hilo.

Na mume aingie kwenye kikao kimoja cha lishe. Anayenunua chakula na anayepika wakiwa hawajui, ni kazi bure.

#14 Mtaka Ushahidi
Wa Likoni umegusa kitu kinachopimika. Sweden wamefuatilia maelfu ya watu: waliofanyiwa upasuaji waliachana zaidi na wenzi wao kuliko wasiofanyiwa, na waliokuwa wapweke waliingia kwenye ndoa zaidi. Mambo yanasogea pande zote mbili. Bora wanandoa walizungumze kabla.

#15 Usingizi Salama
Nichangie upande wa nusukaputi. Kukoroma kwa dada sio jambo la kuchekesha. Kuna maswali 8 tunayotumia: anakoroma kwa sauti? Anachoka mchana? Kuna mtu amemwona akikata pumzi usingizini? Ana presha? BMI inazidi 35? Umri unazidi 50? Shingo inazidi sentimita 40 hivi? Ni mwanaume? Kila ndiyo ni alama moja. Tatu zinatosha kutuhadharisha, tano ni hatari kubwa. Kwa mlichoandika pale #1 tayari ana tatu bila kuguswa. Ikithibitika, anatumia mashine ya kusukuma hewa (CPAP) wiki kadhaa kabla, azoee barakoa, na siku ya upasuaji AJE NAYO. Dawa kali za maumivu zinalegeza koo. Usiku wa kwanza wodini ndio wa hatari.

Sigara, shisha, ugoro: viachwe angalau wiki 6 kabla. Nikotini inabana mishipa midogo, mshono haupati damu, na kwenye baipasi vidonda vinaota pale utumbo ulipounganishwa. Miraa itajwe, inapandisha mapigo na presha. Zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni nazo zitajwe. Nyingi zina majani yanayoitwa sana (senna), zinaharisha na kuondoa potasiamu, na potasiamu ikiwa chini moyo unaweza kupiga ovyo chini ya dawa zetu.

Jambo dogo linalosahaulika: mkanda wa presha. Mkono mnene ukipimwa na mkanda wa kawaida presha inasoma juu kuliko ilivyo, na mtu anaongezewa dawa asizohitaji. Adai mkanda mkubwa.

Mazoezi: kutembea dakika 30 kila siku, hata kwa vipande vya dakika 10. Afanye na mazoezi ya pumzi: avute pole hadi mwisho, ashikilie kidogo, aachie, mara 10. Na ajifunze kutoka kitandani kwa kugeuka ubavu kwanza, miguu ishuke, mkono usukume. Jioni ileile ya upasuaji atasimamishwa atembee, kwa ajili ya damu isigande miguuni.

#16 Mtoto wa Pangani
Daktari wa #15, na wale wa sindano za Ozempic, zile za sukari na kupunguza uzito?

#17 Usingizi Salama
Tumbo linachelewa kumwaga chakula, mtu anaweza kulala kwenye nusukaputi tumbo limejaa ingawa amefunga. Mwongozo wa Marekani wa 2023 ulisema sindano ya wiki isimamishwe wiki moja kabla. Mimi nafuata huo.

#18 Mtaka Ushahidi
Ukalegezwa 2024: vyama kadhaa vilikubaliana kila mgonjwa aangaliwe kivyake. Mwenye kichefuchefu na aliye kwenye kupandishwa dozi ndio wa kuogopwa zaidi, na vinywaji vitupu kwa saa 24 kabla vinasaidia. Mwenye sukari akisimamishwa kiholela sukari inapanda, nayo ni hatari.

#19 Usingizi Salama
Naujua. Wiki moja bado haijanijutisha.

#20 Chaurembo
Mimi naona mnamtisha mleta uzi. Siku hizi kuna puto la tumboni, hospitali ya Mloganzila wanaweka. Linaingia kwa mdomo, hamna kisu wala mwanasaikolojia. Kitu kilekile.

#21 Nesi wa Thieta
Chaurembo sio kitu kilekile. Puto la maji la kawaida hujazwa mililita 400 hadi 700, linakaa miezi 6 (kuna aina za mwaka), kisha linatolewa. Siku 3 hadi 5 za kwanza ni kichefuchefu na kutapika. Ndani ya maji yake huwekwa rangi ya bluu ili likipasuka mkojo ubadilike rangi, mtu akimbie hospitali kabla halijashuka kuziba utumbo. Likitolewa, tumbo ni lilelile, na wengi uzito unarudi. Kwa BMI 45 yenye sukari, wakati mwingine linawekwa kama hatua ya kwanza ya kuelekea upasuaji.

Slivu ni kukata asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki bomba jembamba, na kilichokatwa hakirudi. Baipasi ni kutengeneza kifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo chini zaidi.

#22 Mtoto wa Pangani
Lakini nasikia tumbo linaota tena baada ya miaka, ndiyo maana watu wananenepa upya.

#23 Nesi wa Thieta
Haliwezi kuota. Linaweza kutanuka.

#24 Lishe Kwanza
Hata kutanuka sio sababu kuu. Wanaorudisha uzito wengi wanakunywa kalori: soda, juisi, chai ya maziwa yenye sukari, aisikrimu. Vimiminika havizuiwi na tumbo dogo. Ndiyo maana nawaambia wafanye mazoezi ya kutenganisha kula na kunywa sasa hivi, wiki 6 kabla: maji yaishe kabla ya kula, kisha dakika 30 baada ya kula. Tonge dogo, litafunwe mara 20 hadi 30, kijiko kiwekwe chini katikati ya tonge.

#25 Sauti ya Ndani
Na wanakunywa kalori kwa nini? Turudi kwenye daftari la #10.

#26 Mtaka Ushahidi
Au ni mwili wenyewe. Uzito ukishuka, mwili unapunguza matumizi ya nishati na homoni za njaa zinabadilika. Mkimrudishia mgonjwa lawama zote mtamfanya aone aibu kurudi kliniki, na asiporudi ndipo mambo yanaharibika. Watu wanapoteza kwa wastani robo hadi karibu theluthi ya uzito wote ndani ya mwaka mmoja au miwili, kisha sehemu fulani inarudi. Hiyo aambiwe mapema. Kwa dada wa kilo 118, kufika kilo 85 ni mafanikio makubwa. Akitarajia 60, ataitwa mshindi na yeye atalia.

#27 Babu wa Mbuyuni
Sasa niulize. Kuna wagonjwa wa sukari wanaotoka wodini baada ya siku chache bila insulini, kilo hazijapungua. Hapo mnasemaje?

#28 Mfamasia wa Kata
Homoni za utumbo. Chakula kinafika chini haraka, GLP-1 inapanda, kongosho linaamka.

#29 Mtaka Ushahidi
Au kalori tu. Newcastle, Uingereza, 2011: wenye sukari walikula kalori 600 kwa siku bila upasuaji wowote, sukari ya asubuhi ikawa ya kawaida ndani ya wiki moja. Aliyefanyiwa upasuaji naye wiki ya kwanza hali kitu.

#30 Mfamasia wa Kata
Mbona basi baipasi inaishinda slivu kwenye sukari mara nyingi, ilhali wagonjwa wa aina zote mbili hawali? Nyongo nayo ina mchango wake.

#31 Mtaka Ushahidi
Hiyo ni tofauti ya baadaye, mimi nazungumzia siku za mwanzo.

#32 Nesi wa Thieta
Mkiwa mnaendelea, mleta uzi chukua haya ya kina mama. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni visimamishwe wiki 4 hivi kabla, vinaongeza damu kuganda. Baada ya baipasi vidonge havitegemewi. Kijiti au kitanzi, kiwekwe kabla. Uzito ukishuka hedhi zilizopotea zinarudi na mimba zinaingia kwa waliokata tamaa, wakati ujauzito unapaswa usubiri miezi 12 hadi 18.

Kamera ya tumboni isirukwe. Bakteria wa H. pylori wamejaa kwetu na wanatibiwa kabla. Kama atapimwa kwa choo au pumzi, omeprazoli iachwe wiki 2 na antibayotiki wiki 4 kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanadanganya. Mwenye kiungulia kikali aulize kwa sauti: slivu mara nyingi inakizidisha. Na akifanyiwa baipasi, tumbo la zamani halifikiwi tena na kamera ya kawaida, kwa hiyo liangaliwe vizuri sasa.

Diklofenaki na ibuprofeni ziondoke kwenye kabati la nyumbani. Parasetamoli ibaki.

#33 Chaurembo
Nimeelewa kuhusu puto. Na wanaokwenda India? Bei iko chini.

#34 Nesi wa Thieta
Wapo wanaofanyiwa vizuri sana. Matatizo huja wakiwa wamesharudi. Mshono unaweza kuvuja ndani ya wiki ya kwanza au ya pili: mapigo yanazidi 120, homa, kuhema, maumivu ya bega la kushoto, mtu anajisikia vibaya asijue kwa nini. Kabla ya kuondoka atafute daktari wa upasuaji wa hapa atakayempokea, na arudi na ripoti ya theatre inayosema aina ya upasuaji. Ndege ndefu mapema inaongeza hatari ya damu kuganda.

Jingine, naomba lisambazwe: aliyefanyiwa na anatapika siku nyingi asiwekewe dripu ya glukosi peke yake kwenye zahanati. Vitamini B1 ya sindano itangulie au iende pamoja nayo. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Ukimmiminia sukari wakati imekwisha, ubongo unaumia: macho yanacheza, anayumba, anasahau.

#35 Wa Likoni
Subhanallah. Hili niliandike kwenye kikadi akae nacho mkobani.
Na Ramadhani?

#36 Lishe Kwanza
Kikadi ni wazo zuri sana.
Ramadhani: mwaka wa kwanza wengi wetu tunashauri asifunge, na masheikh wanajua ruhusa ya mgonjwa. Hesabu ni ya maji. Anakunywa kikombe cha mililita 30 kila dakika 15, yaani 120 kwa saa. Kufika lita moja na nusu anahitaji saa 12 na nusu za kuwa macho. Kati ya futari na daku hazipo. Aliyefanyiwa baipasi akifungua kwa tende na juisi, sukari inamwagika utumbo mdogo mara moja: moyo mbio, jasho, kuharisha ndani ya nusu saa. Tarehe ya upasuaji ipangwe kwa kuangalia kalenda.

#37 Kijana wa Ubungo
Wakuu, nimewasiliana naye. Daktari wake amesimamisha glibenklamidi kuanzia siku ya chakula kile. Kuhusu mwanasaikolojia bado sijashawishika kwamba mara mbili zinahitajika, lakini ataenda. Dawa za baadaye anunue zipi mapema?

#38 Lishe Kwanza
Kwanza apimwe damu: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), B12, foleti, vitamini D. Wanene wengi wanaingia theatre tayari wana upungufu, na ni rahisi kurekebisha kabla. Baadaye multivitamini ya kutafuna, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, vitamini D uniti 3,000, chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi, B12.

#39 Mfamasia wa Kata
Naongezea: kalsiamu iwe ya sitreti, ile ya kaboneti inataka asidi ya tumbo ambayo kwa baipasi ni haba. Igawanywe, isizidi 500 au 600 kwa mkupuo. Chuma na kalsiamu vitenganishwe saa 2, na chuma kisimezwe na chai. Anayetumia TLD (dawa ya VVU) aimeze saa 2 kabla ya kalsiamu au chuma, au saa 6 baada. Vidonge vya kutoa dawa polepole aulize kama vibadilishwe, pamoja na vya sonona, maana baada ya baipasi unyonyaji unabadilika.

#40 Babu wa Mbuyuni
Vidonge vyote hivyo kila siku maisha yote. Halafu mnasema sio utiifu.

#41 Mtaka Ushahidi
Babu, ukipata utafiti unaoonyesha kwamba wiki 2 za mchicha zinatabiri nani atameza kalsiamu mwaka wa tano, uweke hapa tuusome.